Nilivyochuja meseji za marehemu mama kwenye faili la XML, nikatafuta kwa namba badala ya kwa maneno yake

Wakuu, salaam kwenu mlioko kazini na mliokwishavua viatu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na kila hesabu nitakayoiweka hapa nimeirudia zaidi ya mara moja. Wale wa "hii chai" wavumilie mpaka chini, halafu waseme.

Uzi huu una mambo mawili, XML na mama yangu. Aliyekuja kwa ajili ya moja itabidi alivumilie na la pili, maana sikuweza kuyatenganisha.

Nianze na mimi. Nafanya kazi ya data kwenye ofisi moja hapa Chake Chake. Mifumo ya watu wengine inatuletea taarifa kwa mafaili ya XML, yaani maandishi yaliyopangwa ndani ya vialama viitwavyo tagi, mimi nachota kinachotakiwa, nakipanga, nakipeleka kwa wakubwa. Nimepanga chumba kimoja njia ya kwenda Vitongoji. Sina mke kwa sasa. Ndugu wa tumbo moja sikuwahi kuwa naye, na baba alifariki nikiwa darasa la pili.

Mama alikuwa Kojani. Kwa wasiopajua, ni kisiwa kidogo upande wa mashariki ya Pemba, huendi ila uvuke maji. Wanaume wengi wa kule huenda dago, yaani wanahama na nyavu zao wiki kadhaa, hata miezi, kwenda kuvua mbali.

Mama msahafu akiusoma vizuri kuliko mimi. Maandishi ya skuli hakuyajua, na simu hakutaka. Nilimpelekea mbili kwa nyakati tofauti, zote akazigawa. "Nina kuku wa kuwalisha," alisema, "simu ya nini tena?"

Akiwa na neno la kuniambia alikuwa akienda kwa jirani yake, Bi Mkasi. Bi Mkasi anaandika, mama anasema. Namba ya Bi Mkasi mimi niliisevu "Mama". Kosa lilianzia hapo, ila wakati ule niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa kuhusu hesabu.

Mama alikuwa na maradhi ya tumbo. Kila Ramadhani kulikuwa na siku zinamshinda, anakula, halafu anazilipa baadaye. Alikuwa akiziandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chake. Siku moja, mstari mmoja. Akiilipa, anaufuta kwa kidole kilicholowa.

Idd moja nikaja na chokaa. Yeye alikuwa arusini, mimi nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nikapaka chumba kizima, na nyuma ya mlango nikapaka mara mbili kwa sababu palikuwa pachafu.

Aliporudi alisimama akautazama ukuta mweupe kwa muda.

"Umenipendezeshea nyumba, mwanangu," akasema. "Na hesabu yangu umekwenda nayo."

Nikataka ardhi inimeze. Yeye akacheka. Alikaa kitandani akakumbuka kwamba yote ya nyuma alikuwa ameshayalipa, imebaki moja tu, akaifunga wiki ile ile. Halafu akanambia: "Sasa daftari ni weye. Nikila nitakwambia, nikilipa nitakwambia. Weka."

Basi zikaanza kuja meseji kwa simu ya Bi Mkasi. Zote za mtindo mmoja: "A alaykum. Ni mie mamako. Ramadhani hii nimekula sita, tumbo. Weka." Mimi najibu, "Nimeweka mama."

Wakuu, sikuweka popote. Sikuandika kwenye karatasi wala kwenye kompyuta, na mimi ndiye mtu wa data. Niliona si ziko kwenye simu, zitakwenda wapi.

Miaka kama mitatu iliyopita Bi Mkasi alihamia Wete kwa binti yake, akaondoka na simu yake. Meseji za mama zikakatika. Nilijua sababu, kwa hiyo sikushtuka. Nilikuwa nikienda kila Idd, na akija mtu kutoka Kojani napata salamu kwa mdomo.

Kila Idd mama alikuwa akiniuliza maswali mawili.

"Salamu zangu hupata?"

"Napata, mama."

"Na hesabu unayo?"

"Ninayo."

"Basi alhamdulillahi," anasema, anaingia jikoni.

Mama alifariki mwaka huu baada ya masika kwisha, kwa homa ya siku mbili. Niliwahi maziko, lakini yeye mwenyewe sikumuwahi.

Baada ya hitma, shehe wa msikiti wa pale mtaani akaniweka pembeni. Mtu mpole sana. Akauliza kama marehemu aliacha deni, nikasema hakuwa mtu wa kukopa. Akasema, "Na la saumu?"

Akanieleza kwamba kama zipo siku alizokuwa na uwezo wa kuzilipa na hakuziwahi, mimi mwanawe naweza kumfungia. "Lakini ujue ni ngapi," akasema. "Usibahatishe. Mamako hakuwa mtu wa kubahatisha."

Narudi Chake nikiwa na jambo moja tu kichwani: mama alinikabidhi hesabu yake ya akhera, na mimi sina.

Sasa twende kwenye ufundi.

Simu yangu ilikuwa imeshachoka, kioo kimepasuka, wakati mwingine inajizima yenyewe. Kitu cha kwanza nikapakua meseji zote kwa app ya kuhifadhi meseji. Ikanipa faili moja kubwa la XML. Ukilifungua unaona kila meseji imekaa ndani ya tagi inayoitwa sms, na ndani yake kuna namba iliyotoka, tarehe, maneno yenyewe, kama imeingia au imetoka, na kama imesomwa au haijasomwa. Hiyo ya mwisho muishike.

Meseji zilikuwa maelfu: benki, vifurushi, ofisi, magrupu ya msiba. Kusoma moja moja kwa jicho ni kujitesa, na XPath, lugha ya kuliuliza maswali faili la XML, ina functions zake humo humo ndani za kukufanyia kazi hiyo bila kuandika programu. Nikaanza na swali rahisi kuliko yote, nipe meseji za namba ya "Mama":

//sms[@address='namba ya Bi Mkasi']

Zikaja chache mno. Nikagundua namba ile ile nyingine imeandikwa kwa kuanzia na sifuri, nyingine kwa kuanzia na +255. Kwa kompyuta hizo ni namba mbili tofauti. Dawa yake ni kulinganisha tarakimu tisa za mwisho tu:

substring(@address, string-length(@address) - 8)

Kuna wataalamu watauliza kwa nini sikutumia ends-with. Kwenye XPath ya zamani, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vifaa vingi vya bure, haipo. Nilijaribu, ikanigomea.

Hapo zikatimia. Nikaongeza contains ili nipate zile zenye "nimekula" au "nimelipa" tu. Zikabaki tatu. Hesabu yenyewe nilifanya kwa kichwa, maana sum inajumlisha tarakimu, haijui kwamba "nane" ni nane.

Amekula sita. Amekula nane. Amelipa tatu.

Zimebaki kumi na moja.

Nikampigia shehe, nikamwambia nimepata, kumi na moja. Akasema anza kwa baraka za Mola.

Nikaanza Jumatatu na Alhamisi. Wakuu, sikuwahi kujua kwamba kufunga nje ya Ramadhani ni upweke wa namna yake. Ramadhani mji mzima unangoja pamoja nawe. Miezi mingine unakaa na tende zako tatu na chupa ya maji, nje watu wanakula urojo, adhana inaingia, unasema bismillahi na hakuna wa kukuitikia. Nilikuwa nikichemsha muhogo na kipande cha samaki, nala nusu, nusu naifunika. Kwa nini naifunika sijui, maana asubuhi naimwaga.

Pale ofisini yuko Hamad, tunakaa meza moja. Wiki ya tatu akanitazama nikikataa chai.

"Yakhe, Ramadhani yako weye haishi?"

"Namlipia mama."

Akaiweka chai yake chini ya meza, na tangu hapo akawa anakunywa nje. Hakuniuliza tena, na mimi sikumweleza zaidi.

Nilipomaliza ya tano, Bi Mkasi akapiga simu kutoka Wete kunijulia hali. Jina likatokea kwenye kioo kilichopasuka: Mama. Sikuwa nimelibadilisha. Nilikaa nikalitazama hadi ikakaribia kukata.

Tukasalimiana, tukaulizana ya mji. Nikamwambia nafunga, zimebaki sita.

"Sita za nini?"

"Za mama. Zilikuwa kumi na moja."

"Kumi na moja umezitoa wapi? Mamako kanambia mwenyewe kabakisha mbili. Alikuja kunitazama hapa Wete miezi minne kabla hajafa. Kasema, mwanangu anayo hesabu, namwambia kila nikilipa."

"Ananiambia vipi, Bi Mkasi? Simu uliondoka nayo."

"Kwani simu ni yangu peke yangu kisiwa kizima? Alikuwa akimshika yeyote aliyepita na simu. Leo huyu, kesho yule. Kasema we hujibu, una kazi nyingi."

Nilimuaga vibaya. Sikumbuki nilisema nini.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja kuhusu mimi. Mnawajua wale matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii", na wale wa "mama yako hapa, simu yangu imeharibika". Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu ofisini: namba usiyoijua, usifungue. Simu yangu niliitega zamani, meseji yoyote ya namba ambayo sijaisevu iingie kwenye folda la pembeni, bila mlio. Nilijiona mjanja.

Kesho yake, watu walipokwisha kutoka kwenda kusali laasiri, nikalifungua tena lile faili.

Safari hii sikutafuta namba. Nilitafuta maneno yake. Kwa kuwa kila mwenye simu ana mwandiko wake, huyu anaandika kwa herufi kubwa, yule anaacha nafasi mbili mbili, nilitumia normalize-space kubana nafasi na translate kushusha herufi zote ziwe ndogo, ndipo nikauliza:

//sms[contains(translate(normalize-space(@body), 'ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ', 'abcdefghijklmnopqrstuvwxyz'), 'ni mie mamako')]

Nikaondoa za Bi Mkasi kwa not, maana hizo ninazo.

Nikaziweka ndani ya count, inihesabie.

Kumi na tisa.

Nikaongeza sharti moja, zile ambazo hazijasomwa tu, @read='0'.

Kumi na tisa.

Namba zilikuwa kumi na nne, nikatafuta kama niliwahi kujibu yoyote kati yake, maana meseji zilizotoka zina alama yake.

Sifuri.

Nimefanya kazi na namba miaka mingi. Sijawahi kuiogopa namba kama ile.

Sikutaka kuzisoma zikiwa zimechanganyika. Nikaandika XSLT fupi ya kuligeuza faili. Imezichukua zile kumi na tisa tu, ikazipanga kwa tarehe kuanzia ya zamani, na kwa concat kila moja ikawa mstari mmoja: siku, halafu maneno. Kama mtajaribu, tarehe ya humo ni namba ndefu ya milisekunde, kwa hiyo kwenye xsl:sort mwambieni ni number, la sivyo anaweza kuipanga kama maandishi. Zikatoka karatasi mbili. Nikazisoma nikiwa nimesimama kwenye printa.

Si zote zilikuwa za hesabu. Nyingine zilikuwa hivi:

"Ni mie mamako. Mzima? Huku mvua."

"Ni mie mamako. Yule kuku mweupe kaatamia. Simu hii ya ntu anakwenda dago, ukijibu jibu leo."

"Ni mie mamako. Nimelipa mbili. Weka."

"Ni mie mamako. Sina neno. Nimeona kijana ana simu tu."

Hiyo ya "sina neno" niliisoma mara nyingi kuliko zote.

Hesabu ilikuwa safi kabisa. Baada ya zile kumi na moja, Ramadhani moja alikula nne, zikawa kumi na tano. Akalipa mbili. Akalipa tatu. Akalipa moja. Akalipa nne. Akalipa tatu. Jumla kumi na tatu. Ramadhani ya mwisho hakula hata moja, aliniandikia hivyo, unaona kabisa kwamba alifurahi.

Na ya mwisho kwenye karatasi ya pili ilikuwa hii, naiweka kama ilivyo:

"A alaykum. Ni mie mamako. Zimebaki mbili. Hizi sizifungi peke yangu, nakungoja weye uje tufunge sote. Kufuturu peke yangu nimechoka. Si lazima Idd, siku yoyote. Weka."

Ilikuja wiki saba kabla hajafa.

Nilikuwa na likizo wakati ule. Nililala chumbani kwangu siku nne, nikitazama mpira kwenye simu hiyo hiyo.

Nikampigia shehe. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi deni limekwisha. Umefunga tano, mbili ni zake, tatu zilizozidi Mola atakuandikia mwenyewe. Pumzika."

Nikamwambia, "Shehe, yeye alitaka tufunge sote."

Akasema, "Hilo si la fikhi. Hilo ni la kwenu wawili. Nenda."

Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikavuka.

Nyumba ilikuwa imefungwa tangu hitma. Nikafagia, nikatoa utando, nikafungua madirisha. Nyuma ya mlango chokaa yangu bado nyeupe. Hapakuwa na mstari hata mmoja, tangu siku ile hakuwahi kuandika tena pale. Aliniamini mimi.

Siku ya kwanza nilifuturu jikoni, kwenye kibao chake cha kukalia. Nilichemsha muhogo. Nilielewa alichokuwa anakisema.

Siku ya pili, kabla ya magharibi, mtu akabisha hodi. Mwanaume wa makamo, mikono yenye sugu za kamba. Akajitambulisha, Faki, karudi dago juzi, kasikia nimekuja.

"Mie ndo mwenye ile simu ya mwisho," akasema. "Mamako alikuwa akinichosha. Nikipita tu, 'Faki, kajibu?' Namwambia bado, bi mkubwa. 'Tazama tena.' Natazama tena mbele yake, ndo anaridhika. Nikenda dago nikawa naitazama mwenyewe, nikirudi asije akanambia sikutazama."

Nikamwambia sikuijua namba yake, na namba nisizozijua simu yangu niliitega izifiche.

"Mie nami nilidhani we mtoto nkaidi," akasema. "Kumbe mjanja tu."

Adhana ikaingia. Hakuwa amefunga, lakini alikaa, akachukua tende, akasema bismillahi kwa sauti, nami nikaitikia. Tukala ule muhogo wote. Hapakubaki cha kufunika.

Kabla hajatoka nikaisevu namba yake. Nikaandika Faki, jina lake mwenyewe.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Kwa upande wa kazi: usichuje watu kwa namba wakati kule walikotoka namba haina mwenyewe. Jua kwanza data yako inaandikwaje huko inakotoka, ndipo uandike query. Nilipaswa kulijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu nimezaliwa huko.

Kwa upande wa pili: lile folda la pembeni kwenye simu yako, lifungue leo. Utakuta matapeli wengi. Pitia hivyo hivyo.

Zile namba kumi na nne niliziandikia zote. Nilisema mimi ni nani, nikawashukuru kwa kumwazima mama simu. Tisa hazikwenda. Watatu wamejibu. Mmoja kasema hamkumbuki mama kwa jina, anakumbuka alikuwa akishika simu kwa mikono miwili mpaka meseji iseme imekwenda.

Mwenye swali la XPath au XSLT aulize hapa chini, query zote nitazibandika. Asiye na swali aandike tu yuko wapi na leo amekula nini. Hata akiwa hana neno. Nitafungua zote.